Mama Kinoo na Upanga wa Mutalemwa

Siku ya kwanza Ildefons kumwona Mariamu binti Shaban, alimkuta anagombana na muuza nyama. Ilikuwa asubuhi katika soko la Bukoba, msimu wa kuanika kahawa. Ildefons alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye lori lililotoka pande za Rubya, amekumbatia kitu kirefu kilichoviringwa kwa majani makavu ya migomba. Kwa mbali ungedhani ni mtu aliyeleta miwa.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mnene, mvi zimeanza kumchungulia chini ya kanga ya kichwa. Alikaa nyuma ya jiwe la duara ambalo alilizungusha kwa mguu, na mkononi alikuwa na kisu cha bucha alichokitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyerudi nyumbani na nguo iliyochanika.

"Kisu hiki umekatia nini?" aliuliza.

"Nyama, mama," akajibu muuza nyama.

"Nyama gani inayong'oa makali hivi?"

"Ng'ombe wa Karagwe, mama. Wanatembea sana, mifupa yao migumu."

"Basi na wewe nenda Karagwe kwa miguu, labda utarudi na kichwa kigumu kama mifupa hiyo. Nimekuambia mara ngapi usivunjie mfupa kwa kisu cha kuchunia?"

Watu wakacheka, na muuza nyama naye akacheka, maana pale sokoni kutukanwa na Mama Kinoo kulihesabiwa kuwa sehemu ya kunolewa kisu. Jina hilo la Mama Kinoo alipewa na wauza nyama, na karibu mji mzima ulikuwa umelisahau lile alilopewa na baba yake.

Ildefons alisimama kando akingoja watu wapungue. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini mbele ya watu wengi ulimi wake uliganda. Wateja walikuja na kwenda, na yeye yuko palepale, anahamisha mzigo wake kutoka bega hili kwenda bega lile, hata Mariamu akasimamisha jiwe.

"Wewe mwenye miwa," alisema. "Unauza au unaninyemelea?"

"Si miwa, waitu," alijibu Ildefons kwa neno la heshima la kwao, kwa sauti ndogo. "Ni upanga."

Mariamu alifuta mikono kwenye kanga taratibu. "Upanga wa namna gani?"

"Ndilo nililokuja kuuliza."

Jibu hilo lilimfurahisha yule mama kuliko kama angepewa fedha. Akafunika jiwe kwa gunia, akamwambia jirani yake muuza dagaa aangalie visu vya watu, akaongoza njia kwenda nyumbani kwake nyuma ya soko. Alitembea kwa haraka mno kwa mwili ule, na Ildefons na miguu yake ya mlimani alilazimika kukimbia kidogo.

Ildefons alikuwa ameelekezwa kwake na dereva wa lori. Kila mtu aliyekaa Bukoba siku nyingi alijua habari za mama huyu. Alizaliwa Tabora, baba yake askari. Akaolewa angali binti mdogo na Feruzi, fundi wa silaha wa Wadachi, akaja naye Bukoba wakakaa penye boma. Feruzi alikuwa na mikono ya dhahabu na mapafu ya karatasi. Vumbi la kusugua chuma lilimkohoza, basi mkewe akawa anamsaidia. Mwishowe yeye ndiye aliyesugua na mume akawa anatazama tu na kusahihisha. Kwa miaka mingi kila bunduki, kila singe na kila upanga wa boma lile ulipita katika mapaja ya Mariamu ukiwa na kutu ukatoka unang'aa. Vita vikaja, Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaingia, Feruzi akafa kwa kifua. Wajane wengine walirithi nyumba au shamba. Yeye alirithi jiwe la kunolea, akalitoa uani akaliweka sokoni, na tangu hapo hakumwomba mtu chumvi.

Ndani ya chumba chake alitandika gunia sakafuni karibu na mlango, penye mwanga. "Kabla hujafungua," alisema, "niambie unataka upanga huu uwe nini. Maana kila anayeniletea chuma ana ndoto yake."

Ildefons akaeleza, akikazia macho sakafu. Baba yake, Mutalemwa, alikuwa amefariki. Ujanani alikuwa amewatumikia Wadachi hapo bomani, na alipokwenda kuwatumikia aliuacha mkuki wake nyumbani, ukapotea. Wadachi walipokimbia, afisa mmoja alimpa upanga huu, ndivyo alivyosema siku zote. Sasa siku ya kumaliza matanga imekaribia. Kwa desturi ya ukoo wao, mrithi huketishwa kwenye kiti cha baba yake mbele ya wazee, akakabidhiwa silaha ya baba ambayo asili yake haina uongo. Mutalemwa hakuacha mkuki. Aliacha upanga tu. Na baba mdogo wake Ildefons, Lwakatare, amesimama mbele ya wazee akasema upanga ule si wa Mdachi yeyote, umefuliwa na Kagaruki, mhunzi wa kijijini kwao, na kwamba kaka yake aliwadanganya watu maisha yake yote. Maneno hayo alikuwa akimwambia hata alipokuwa hai.

"Amejuaje?" aliuliza Mariamu.

"Anasema alivuta mivukuto mwenyewe. Alikuwa kijana. Aliuona upanga uko motoni, Kagaruki anaugonga."

"Kagaruki mwenyewe anasemaje?"

"Alikufa zamani."

"Na wazee wakikubali maneno ya baba yako mdogo?"

"Sitaketi. Kibanja cha baba, nyumba na migomba yake, kitakuwa chini ya mkono wake mpaka ukoo uamue tena. Na ukoo wetu, bibi, ukisema utaamua tena, watoto wanazaliwa na kuoa." Kisha akaongeza, "Lakini si kibanja tu. Watasema nimemrithi mwongo."

Mariamu alitikisa kichwa. "Haya. Fungua ndoto yako."

Majani yalipotoka, upanga ulionekana mweusi tii. Mutalemwa aliutundika darini juu ya jiko, ukala moshi wa kuni miaka na miaka, na utomvu wa migomba ulikuwa umeugandia madoa yasiyotoka. Mariamu aliunusa. Alipitisha kidole gumba kwenye mfereji mwembamba uliotembea katikati ya ubapa. Akaushika mpini, akafumba macho, akaupimapima mkononi kama mtu anayekisia uzito wa samaki.

"Mkono unaukumbuka," alisema polepole. "Lakini mkono unaweza kusifia uongo. Lete jivu."

Akalowesha kitambaa, akachovya kwenye jivu la jikoni, akaanza kusugua. Alianza na kile kipande kilichopindika cha kukinga vidole. Ildefons alisahau haya zake, akainama mpaka vichwa vyao vikakaribia kugongana. Weusi ukatoka kama ukoko wa sufuria. Chini yake shaba ikaanza kuchungulia, kisha alama ndogo zilizogongwa kwa chapa.

Mariamu akaacha kusugua.

"Mimi sikusoma," alisema, "lakini nitakuambia yaliyopo kabla hujayatazama. Ya kwanza ni mtu amesimama anapiga teke. Ya pili ni nyoka. Halafu hesabu."

Ildefons akasogeza upanga kwenye mwanga. Alikuwa amesoma shule ya misheni, si sana, lakini herufi alizijua. Ilikuwa K, kisha S, kisha tarakimu kadhaa.

"Ni kweli," alisema, na sauti yake ilipanda mpaka mwenyewe akashtuka.

"Nimezisugua alama hizo mpaka nikaziota," alisema Mariamu. Alikuwa amesimama sasa, anatembea huku na huku katika chumba kile kidogo. "Hiyo ndiyo chapa ya jeshi lao. Sikiliza. Maafisa walikuwa na panga zao walizonunua kwao Ulaya, zina maua ya dhahabu kwenye ubapa. Huu si wa namna hiyo, huu ni wa ghala. Walipokuwa wanakimbia walizitupa za ghala ziwani ili Mwingereza asizikute, nami nilikuwa ufukweni natazama kazi ya mikono yangu inazama. Afisa akimpa mtu wake mmoja badala ya kuutupa, nani angemzuia? Sikumwona akitoa, hilo siwezi kuapa. Lakini chuma naweza."

Akaketi tena, akaanza kusugua ubapa kutoka mpinini kwenda chini, haraka haraka, huku akiimba puani. Ildefons alikuwa anatabasamu peke yake kama mjinga. Aliona tayari uso wa Lwakatare.

Halafu kuimba kukakoma.

Kiasi cha shibiri moja kabla ya ncha, ule mfereji wa katikati ulikuwa umekatika. Chini ya hapo ubapa ulikuwa na vidimbwi vidimbwi vya nyundo, na rangi ya chuma ilikuwa nyingine, ya kijivu iliyopooza. Mariamu alikwaruza kwa ukucha upande huu, akakwaruza upande ule.

"Baba yako mdogo hasemi uongo," alisema.

Ildefons akaacha kutabasamu.

"Usifanye uso wa msiba, msiba umeshapita. Tazama. Huku juu ni chuma cha pua cha Ulaya. Huku mwisho ni chuma cha kwenu, laini, cha jembe. Upanga huu ulivunjika ncha, na mhunzi akaunga nyingine, akaiunga vizuri, Mungu amrehemu. Kijana aliyevuta mivukuto aliona kweli upanga motoni. Aliona kweli nyundo. Mwanzo wake tu ndio hakuuona." Akamwangalia Ildefons usoni. "Nani aliuvunja?"

"Sijui. Baba hakusema kamwe kwamba ulivunjika."

"Hapo ndipo pana neno. Mtu anaitwa mwongo miaka yote hiyo, jibu analo darini kwake, na hasemi?" Alitikisa kichwa tena na tena, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. "Siku ya matanga ni lini? Nitakuja mwenyewe. Sijaulizwa swali tamu kama hili tangu Feruzi afe."

Ildefons alirudi kwao na upanga begani, na njia nzima alijiona mrefu. Jambo moja tu hakulifikiri, na ni ajabu kwamba hakulifikiri, kwa kuwa alizaliwa na kukulia katika ukoo ule. Alilifikiri siku yenyewe, alipomwona Mariamu anashuka kwenye lori na kikapu chake, na wanawake wa ukoo wanasogea kumpa nafasi upande wao. Kwao mwanamke hakugusa silaha ya mwanamume. Mwanamke akigusa mkuki wa mumewe, mume alikuwa na haki ya kumrudisha kwa wazazi wake, na wazee wangemtaka afanye hivyo.

Wazee walikaa kwenye nyasi zilizotandazwa mbele ya nyumba, mzee Buberwa, kiongozi wa ukoo, katikati. Kiti cha Mutalemwa kilikuwa pale, kitupu. Rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa kwenye vibuyu, na wageni walipewa buni za kutafuna kama ilivyo heshima. Mariamu akapokea za kwake, akatafuna, akasema ni nzuri kuliko za mjini, wanawake wakampenda hapo hapo.

Lwakatare alisimama wa kwanza. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kanisani.

"Waitu, mimi simchukii mtoto huyu," alisema. "Nimembeba mgongoni. Lakini nilivuta mivukuto kwa mikono hii. Niliona upanga uko mwekundu, Kagaruki anaugonga. Kaka aliniambia, 'Usimwambie mtu,' akanipa paja la mbuzi. Nilinyamaza kwa ajili ya paja, mpaka nilipochoka nikamwita mwongo waziwazi. Yeye akaendelea kutuambia habari za Mdachi. Tukimketisha mwanawe kwa chuma cha Kagaruki, mizimu ya ukoo itatucheka."

"Ulikula paja lote peke yako?" mzee mmoja akauliza, na watu wakaguna kwa kicheko.

"Nilikuwa kijana," alisema Lwakatare.

Buberwa akamgeukia Ildefons. "Nawe unasemaje?"

Ildefons alisimama. Macho yote ya ukoo yalimwelekea, na ulimi ukafanya kama kawaida yake. Alinyoosha tu kidole upande wa wanawake. "Nimemleta anayejua," alisema.

Mariamu akainuka, akaanza kukunja mikono ya gauni lake kama mtu anayekwenda kufua, akaufuata upanga uliolazwa juu ya mkeka.

"Simama hapo, mama," alisema Buberwa kwa upole. "Heshima zako tunazo. Lakini silaha ya marehemu haiguswi na mkono wa mwanamke hapa."

"Baba, mikono hii imegusa silaha za boma zima."

"Boma lilikuwa la Wadachi. Hapa ni kwetu."

Lwakatare aliangalia chini ili watu wasimwone anatabasamu. Mariamu naye alisimama kidogo, anatafuna buni yake. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyewekewa kizuizi njiani akagundua kwamba njia nyingine ina mteremko mzuri zaidi.

"Mdomo wangu je, unaruhusiwa?" aliuliza.

Wazee wakatazamana. "Mdomo hatujakataa," alisema Buberwa.

"Basi nitakaa hapa hapa mbali. Ildefons, mwanangu, chukua upanga. Leo mikono ni yako."

Na hivyo ikawa kwamba Ildefons, ambaye hata kuomba maji mbele ya wageni kulimpa shida, alisimama katikati ya ukoo wake na upanga uchi mkononi, akiamriwa na mwanamke wa mjini.

"Waonyeshe chapa. Wasomee."

Akasoma. Mara ya kwanza hakusikika. "Kwa sauti, hawa si panya," alisema Mariamu, na akasoma tena, na wazee wawili waliowahi kuchukua mizigo ya Wadachi wakasogea, wakatazama, wakasema ndiyo, chapa ya namna hiyo ilikuwapo kwenye bunduki pia.

"Mpini unaweza kuokotwa," alisema Lwakatare. "Sikusema Kagaruki alifua mpini. Nasema ubapa."

"Amesema vizuri," alijibu Mariamu. "Ildefons, uko ule mtumbwi wa kukamulia ndizi. Ingiza ncha ya upanga kwenye ufa wake, kiasi cha shibiri tu. Vuta."

Ildefons akaenda penye mtumbwi wa mti uliolala uani, bado unanuka rubisi. Akaingiza ncha, akavuta. Ikapinda. Alipoitoa, ilibaki imepinda vile vile, kama mkia wa mbwa.

Sauti ikapita katika watu wote. Lwakatare akaketi, akamaliza kinywaji chake kwa mkupuo.

"Chuma cha Kagaruki," alisema.

"Chuma cha Kagaruki kabisa," alisema Mariamu. "Sasa mwanangu, uingize zaidi, upite pale mfereji unapoanza. Hapo. Vuta kwa nguvu zako zote, usiuonee huruma."

Ildefons alijua alichoambiwa kule Bukoba, lakini kujua na kuvuta ni vitu viwili. Alikaza meno. Upanga ukapinda, ukazidi kupinda, ukawa kama upinde wa mvua, na mwanamke mmoja akafunika macho. Halafu akauachia. Ukaruka ukarudi mahali pake umenyooka, nao ukaimba, sauti nyembamba iliyokaa hewani muda hata mbwa wakainua masikio.

Buberwa alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Ukaimba tena. Sasa desturi ya kukaa kwa heshima ilivunjika. Wazee waliinuka na fimbo zao, kila mmoja anataka kuuvuta mwenyewe. Mmoja aliuvuta akaachia vibaya akaanguka kitako, akainuka anacheka. Lwakatare alikuja wa mwisho. Aliuvuta mara moja, akausikiliza, akapitisha kidole penye kiungo, pale mfereji ulipokatika.

"Kagaruki aliunga," alisema.

"Aliunga," alisema Mariamu. "Ulivuta mivukuto ya ncha, baba. Shibiri moja. Mengine yote yametoka Ulaya."

Lwakatare alikuwa mtu wa haki, na ndiyo maana alikuwa mgumu. "Nakubali chuma," alisema. "Lakini uliza hili. Kaka hakurudi vitani baada ya hapo. Upanga wa afisa unavunjikaje ukiwa umetundikwa darini? Na kwa nini afiche? Mtu mkweli hafichi. Labda aliuiba umevunjika, sisi tutajuaje?"

Swali lilikuwa zito, na Mariamu, ambaye alikuwa na jibu kwa kila muuza nyama wa Bukoba, alifungua mikono. "Hapo mimi nimefika mwisho wa kamba," alisema. "Chuma hakisemi kimevunjwa na nani."

Ildefons aliutazama ule upanga wenye mkia wa mbwa mikononi mwa baba yake mdogo. Kiti kilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na alikiona kinakwenda mbali.

"Nimeuvunja mimi."

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Verdiana, mama yake Ildefons, mjane wa Mutalemwa, alikuwa amesimama, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili ambaye wengi pale hawakuwahi kumsikia akisema mbele ya wazee.

"Mutalemwa alikuwa amekwenda Bukoba na mhoro wake, ule wa kukatia migomba," alisema. "Nilikuwa na kisiki cha mgomba kilichokataa kung'oka. Huyu Ildefons alikuwa tumboni, sikuwa na nguvu za kukivuta. Nikauona upanga darini. Nikausokomeza chini ya kisiki, nikaukalia. Ukalia, ukakatika."

"Aliporudi nilimwonyesha. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu za kurudi kwetu. Alikaa akatazama kile kipande. Halafu akaniuliza, 'Kisiki kilitoka?' Nikasema kilitoka. Akasema, 'Basi fungua hizo nguo.' Akaupeleka kwa Kagaruki usio na ncha. Akasema, 'Ukoo wakijua watakurudisha kwenu, na mimi sitaki mke mwingine.' Akasema, 'Heri waniite mwongo.'"

Akaketi. Wanawake waliokuwa kando yake walimsogelea mabega.

Lwakatare alikuwa bado ameshika upanga. "Mimi ndiye niliyemwita hivyo," alisema hatimaye. "Harusini, msibani, kila mahali. Naye ananiongezea rubisi tu." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na watu hawakujua analia au anacheka mpaka aliposema, "Ameukalia. Upanga wa Mdachi ameukalia," na hapo ukoo mzima ukapasuka.

Kicheko kilipotulia, mzee mmoja akakumbusha kwamba mwiko ni mwiko, hata kama unachekesha.

Buberwa alifikiri huku anasugua goti. "Mwiko ule ulikuwa wa mwenye nyumba," alisema. "Alikuwa na haki ya kumrudisha, akakataa. Leo mwenye nyumba yuko kaburini. Mnataka nimrudishe Verdiana kwa nani, na kwa niaba ya nani? Atatoa kibuyu cha rubisi, tutakunywa, yameisha. Kisiki kilitoka, sivyo?"

"Kilitoka," alisema Verdiana kutoka alipo.

Lwakatare akalaza upanga juu ya jiwe, akaikanyaga ile ncha kwa kisigino mpaka ikanyooka, si sana, lakini ya kutosha. Halafu akamshika Ildefons mkono, akamkalisha kwenye kiti, na kwa mikono yake mwenyewe akamlazia upanga mapajani. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka vibanja vya bondeni, na Mariamu alipiga cha kwake cha Tabora, kirefu, kilichowashangaza hata wenyeji.

Alasiri lori la kahawa lilikuwa linarudi Bukoba, na Mariamu hakutaka kulala ugenini. Alikuwa na visu vya watu. Ildefons akainuka kitini akambebea kikapu mpaka barabarani. Wanawake walikuwa wamekijaza ndizi na buni. Njiani mama huyo hakunyamaza hata kidogo. Alieleza tena jinsi upanga ulivyopinda, jinsi Lwakatare alivyomeza kinywaji chake, jinsi mzee yule alivyoanguka kitako, kana kwamba Ildefons hakuwapo. Alisema Feruzi angetoa mwaka mzima wa maisha yake aione ile kazi ya kiungo ya Kagaruki, na kwamba ni hasara wahunzi hao wawili hawakukutana.

Ildefons alitaka kumshukuru. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, mazuri, lakini lori lilikuwa linanguruma na ulimi ulikuwa umeshachoka kwa kazi ya siku ile. Akampandishia tu kikapu. Alijiambia atamwendea Bukoba baada ya mavuno na kuyasema yote akiwa ametulia. Mvua za masika zikakata barabara, na barabara ilipofunguka, dereva yule yule alimletea habari kwamba Mama Kinoo amezikwa, na kwamba wauza nyama wote wa soko walifunga vibanda siku ile.

Kwa hiyo aliyoyasikia mwisho kutoka kwake ni yale aliyomwambia pale barabarani, akiwa amekaa juu ya magunia ya kahawa, anafunga kanga vizuri kwa ajili ya upepo.

"Unangoja nini hapa, mwanangu? Rudi mbio ukakae. Kiti cha baba hakikaliwi kwa kumsindikiza mgeni, na wazee wale wakimaliza rubisi wataanza kutafuta mtu mwingine wa kukikalia."